Chai ya Mchaichai: Ilikotoka, Inavyopikwa na Ilivyotuweka Pamoja



Kamati ya kijarida ilipogawa kazi, wenzetu wa mahesabu walipewa kuandika historia ya hisa na mikopo, viongozi wakapewa historia ya uongozi, na sisi tunaopokezana zamu ya jikoni tukaambiwa tuandike habari za chai. Wapo waliocheka. Eti chai nayo ina historia gani?

Tulikubali kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna kikao cha kikundi hiki ambacho mgeni amehudhuria akaondoka bila kuulizia ile harufu ya limau kwenye kikombe, na wengi hushangaa wakiambiwa kwamba hamna limau humo. Pili, katika miaka hii kumi tuliwahi kuiondoa chai kwenye vikao vyetu, na mwaka huo ndio kikundi kilikaribia kuvunjika. Jambo hilo halimo kwenye daftari la mweka hazina. Tumeona tuliandike hapa, ili watakaokuja baada yetu wajue.

KABLA YA CHAI

Bibi zetu wa ukanda huu wa ziwa hawakuzaliwa wakaikuta chai. Mgeni aliyefika nyumbani, Usukumani au Ukerewe, alikaribishwa kwa uji, maziwa ya mgando, ugali na samaki, na kama ni mtu mzima hata kwa pombe. Neno lenyewe “chai” ni la safari ndefu. Asili yake ni China, likapita Uajemi na India, ndipo likatua kwetu.

Huku ziwani bidhaa za dukani zililetwa na reli na meli. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinabeba mizigo kati ya bandari za ziwa, Mwanza ikiwa mojawapo. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yakauza nguo, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sukari na majani ya chai.

Mmea wa chai wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia nchini. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, na chai ni kati ya mimea waliyoijaribu huko. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa Waingereza, na kikashika mizizi Usambara, Mufindi na Rungwe. Baadaye hata wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Bukoba, wakailima.

Lakini majani kuwa dukani ni jambo moja, na kuwa na hela ya kuyanunua ni jambo jingine. Kwa mkulima wa huku hela ilitokana na pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima vya Kanda ya Ziwa viliungana wakaunda Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima wakajipatia sauti kwenye mizani na kwenye bei. Wazee wetu wanasimulia kwamba pamba ikishauzwa nyumba zilinukia chai ya maziwa, na msimu ukipita uji ukarudi mezani.

Hapo, akina mama, tuseme na ukweli mwingine. Pamba ilipaliliwa na ilichumwa na wanawake na watoto, lakini nyumba nyingi hela yake ilikaa mfukoni mwa baba. Sukari ilikuwa ya kuomba. Majani ya chai yalikuwa ya kuomba. Katika kikombe kile kizima, kitu ambacho mama hakumwomba mtu ni mchaichai tu, kwa sababu aliupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotiririkia.

MMEA USIO NA MBEGU

Mchaichai ni nyasi. Ni jamaa wa mbali wa mtama na muwa, na ukiuangalia majani yake utaona undugu huo. Asili yake ni Asia, upande wa kusini na kusini-mashariki. Siku hizi umeenea Zanzibar, pwani na bara, hata huku kwetu. Jina lake linajieleza: kama tusemavyo “majimaji” kwa kitu chenye asili ya maji, ndivyo tunavyosema “chaichai” kwa kitu chenye asili ya chai.

Harufu yake si ya kubahatisha. Ndani ya majani mna mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa sitrali. Sitrali hiyohiyo imo pia kwenye ganda la limau. Kwa hiyo pua yako haikudanganyi unapofikiri umenusa limau. Tofauti ni kwamba mchaichai umechukua harufu ya limau ukaiacha ile chachu yake. Tutaona huko mbele faida ya jambo hili jikoni.

Wala si sisi peke yetu tuliopenda chai inukie hivyo. Waingereza wanayo chai yao maarufu iitwayo Earl Grey, inayobeba jina la mheshimiwa Charles Grey aliyekuwa waziri mkuu wao kuanzia mwaka 1830 hadi 1834. Harufu yake hutokana na mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa na malimau linalolimwa sana Calabria, kusini mwa Italia. Chai ile huuzwa kwenye makopo mazuri. Ya kwetu haina kopo, lakini nia ni ileile: kumpa mgeni kikombe kinachonukia kabla hajakionja.

Kitu cha pekee kuhusu mchaichai ni uzazi wake. Mchaichai wa nyumbani kwa kawaida hautoi maua wala mbegu. Huwezi kwenda duka la pembejeo ukanunua mbegu zake. Njia ya kuupanda ni kung'oa sehemu ya shina la mwenzako na kuipeleka kwako. Kwa maneno mengine, ukiona shina la mchaichai uani kwa mtu, Igogo au Nyakato, Buhongwa au Igombe, ujue kuna mtu aligawa chake ili huyo apate. Na aliyegawa hakupungukiwa, maana shina linalopunguzwa huchipua vizuri kuliko lile lililoachwa lijisonge lenyewe.

MIAKA YA FOLENI

Wenzetu wenye miaka hamsini na zaidi wanakumbuka vizuri wakati ambapo mchaichai ulikuwa si kiungo cha chai bali ndio chai yenyewe. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978 na kwisha 1979. Baada ya vita Mwalimu alituomba wananchi tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Hali ikawa ngumu kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kula, vyote vikaadimika. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, lakini foleni hazikwisha.

Mmoja wetu alikuwa binti mdogo wakati huo. Anasimulia kuwa mama yake alimwamsha alfajiri akaweke jiwe kwenye foleni ya duka, na jiwe hilo lilihesabika kama mtu. Wakibahatika walirudi na kilo moja ya sukari. Hiyo kilo haikuguswa hovyo. Ilifungwa kwenye mfuko, ikawekwa juu ya kabati kwa ajili ya mgonjwa na mgeni. Watoto walikunywa mchaichai mtupu, wa moto, rangi yake ya manjano iliyofifia, wakitafuna michembe au matobolwa badala ya sukari. Viazi vilivyokauka vina utamu wake, ukivitafuna huku unakunywa, chai inakuwa kama imetiwa sukari kidogo.

Faida nyingine ya wakati ule haikuonekana kwa macho. Kipindupindu kiliingia nchini miaka ya 1970, na watu wengi wa pembezoni mwa ziwa walikuwa wakinywa maji kama yalivyochotwa. Mama aliyechemsha mchaichai kwa ajili ya wanawe alikuwa pia amewachemshia maji ya kunywa, hata kama mwenyewe alifikiri anawapa chai tu.

Kuanzia mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, na baada ya 1985, enzi za Mzee Mwinyi, bidhaa zikarudi madukani. Majani ya chai yakajaa, sukari ikajaa. Na mchaichai? Ukasahaulika kidogo. Kuna nyumba ulionekana chai ya shida, mtu akija mgeni wa heshima unauficha. Binadamu tuko hivyo, tukivuka mto tunasahau mtumbwi.

Ulikumbukwa tena kwa kishindo mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia. Watu walijifukiza nyungu, wakatafuta limau, tangawizi na mchaichai kila kona. Tuseme wazi: mvuke wa mchaichai haukuthibitika kuwa dawa ya korona. Lakini katika siku zile za hofu, waliokuwa na shina uani waligawia majirani, na mashina mengi yaliyopo mitaani kwetu leo yalipandwa mwaka ule.

MWAKA TULIOIONDOA CHAI

Kikundi chetu kilianza chini ya mwembe. Wengi wetu tulikuwa wauza chai na vitafunio kule Mwaloni, Kirumba, wauza dagaa, na wauza mboga. Hatukuwa na ofisi wala viti. Mmoja alileta mkaa, mwingine sukari, mwingine majani, na mwenye uwanja akakata mchaichai wake. Tulikunywa kwanza, tukazungumza, ndipo tukafungua sanduku.

Mwaka wa tatu lililetwa wazo. Mwenzetu mmoja mwenye hesabu nzuri alisimama akaonyesha kwamba mkaa, sukari, majani na muda vinagharimu, na kwamba ule mchango wa chai wa shilingi mia mbili kila mtu, kila kikao, ungeweza kuingia mfuko wa jamii. Hesabu yake ilikuwa sahihi, hatuna la kumlaumu. Tulipiga kura, na wazo likapita. Na sisi tunaoandika hapa tuliinua mikono. Kusema kweli tulifurahi kupumzika na moshi.

Basi vikao vikawa vifupi. Mtu anafika, anasimama mlangoni, anatoa hisa yake, anagongewa muhuri kwenye kitabu, anaondoka. Wengine wakaanza kutuma hela kwa watoto. Nusu saa kikao kimekwisha. Kikundi kikawa kama kituo cha daladala, watu wanakutana lakini hawajuani habari. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi kabisa. Mfuko wa jamii uliongezeka.

Mwenzetu mmoja muuza dagaa alikuwa na mkopo. Akakosa rejesho la kwanza, tukamtoza faini kama katiba inavyosema. Akakosa la pili, faini tena. La tatu hakuja kabisa. Maneno yakaanza: amekimbia na hela zetu, ameonekana sijui wapi, tumchukulie vyombo. Tunaona aibu kuandika haya, lakini yalisemwa, na wengi wetu tuliyasikia tukanyamaza.

Wawili wakatumwa nyumbani kwake kudai. Walimkuta. Dagaa wake walinyeshewa na mvua wakiwa wameanikwa, mzigo mzima ukaoza. Wiki hiyohiyo mwanawe akalazwa, na alikuwa wodini naye kwa zaidi ya mwezi. Walipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, “Ningesemea wapi? Mlikuwa mnahesabu tu.”

Jibu hilo lililetwa kwenye kikao kilichofuata, na hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Mfuko wa jamii tuliokuwa tunajivunia umenona ulikuwepo kwa ajili ya shida kama ile, na ulikaa sandukuni umefungwa kufuli tatu, kwa sababu hatukuwa na nafasi ya kujua nani ana shida. Tulimfutia faini, tukampa msaada wa mfuko wa jamii, na tukampangia marejesho upya. Alilipa deni lote. Ametupa ruhusa tuandike habari hii bila jina lake, na ametusaidia kuisahihisha.

Kikao hichohicho kilirudisha chai. Tukaandika kwenye katiba kwamba sanduku halifunguliwi mpaka watu wamekunywa chai na kuulizana hali kwa nusu saa nzima. Tangu hapo ugonjwa, msiba, mzigo ulioharibika, mume aliyesafiri asirudi, vyote tunavisikia kwanza kwenye kikombe, kabla havijawa deni kwenye daftari. Madeni yapo bado, sisi si malaika. Lakini hakuna tena mtu aliyedaiwa bila kuulizwa ana nini.

Tunajua kwamba mitaani neno “chai” limechafuliwa. Ukiambiwa na mtu wa ofisini “leta chai,” unajua anataka rushwa. Vijana nao wakisikia uongo husema “hiyo chai.” Chai yetu sisi ni ya kunywa, na kazi yake hasa ni kumfanya mtu aseme ukweli.

NAMNA TUNAVYOIPIKA

Hii ni kwa watu ishirini, kikombe kimoja kimoja:

Chukua maji lita 5. Kata mchaichai fungu moja la kushika mkononi, pamoja na sehemu nyeupe ya chini, maana hapo ndipo penye nguvu. Uoshe vizuri, hasa kama umeota karibu na maji ya bafuni. Ponda zile sehemu nyeupe kwa mchi au jiwe safi, kisha funga majani fundo moja ili yasisumbue kwenye chujio.

Tia kwenye maji, funika, chemsha dakika kumi kwa moto wa wastani. Kufunika ni muhimu. Harufu ni mafuta, na mafuta hayo huondoka na mvuke. Ukiacha sufuria wazi, jirani ndiye atakayefaidi.

Toa mchaichai ndipo utie majani ya chai, vijiko vitatu vya chakula. Acha ichemke mara moja tu, epua, funika dakika tatu, chuja. Ukichemsha majani ya chai kwa muda mrefu pamoja na mchaichai, ukali wa majani utaimeza harufu yote. Wengi hukosea hapo.

Ukitaka ya maziwa, punguza maji na uongeze maziwa baada ya kutoa mchaichai. Na hapa ndipo ile tofauti tuliyoitaja inapoonekana: ukikamulia limau kwenye chai ya maziwa, maziwa yatakatika. Mchaichai hauna chachu, hivyo maziwa hubaki salama na harufu unaipata. Limau liweke kwenye chai ya rangi, baada ya kuepua, nawe utaona rangi yake ikipauka palepale.

Ukivuna mwingi, kaushia kivulini penye hewa, si juani. Jua kali hupunguza harufu.

Mawili ya afya. Chai nzito ya majani ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kwenye maharage na mboga za majani. Mama mjamzito, au mwenye upungufu wa damu, ni vyema asubiri kama saa moja baada ya kula. Mchaichai mtupu hauna kafeni, hivyo hautakukosesha usingizi. La pili, mchaichai ni kinywaji. Mtoto akiwa na homa usikae nyumbani unamchemshia mchaichai siku tatu. Mpeleke zahanati apimwe malaria kwanza.

SHINA LA KWENDA NALO

Siku ya sherehe, karibu na mlango, mtakuta ndoo zenye mashina ya mchaichai yaliyofungwa mojamoja. Yametolewa kwenye viwanja vya wanachama, na mengine yana asili ya lile shina la chini ya mwembe. Kila mwanachama na kila mgeni achukue moja. Halilipiwi.

Ukifika nyumbani, punguza majani yabaki kama shubiri moja, lichimbie mahali penye jua na unyevu, mwagilia kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya miezi michache utaanza kuvuna. Kata majani juu kidogo ya shina, litachipua tena.

Sharti letu ni moja tu. Likishakua likawa kichaka, jirani yako akikuomba, mgawie. Na ukimkaribisha ndani akanywe kikombe, muulize hali, kisha nyamaza umsikilize.

Tunawatakia wote maadhimisho mema ya miaka kumi.

Sisi wa zamu ya jikoni